Chupi Isiyopigwa Pasi

Mimi ni mtu wa kuuliza "nani kasema?" kwa kila kitu. Juzijuzi nilikuwa Tanga, shangazi akanikuta napanga nguo za safari.

"Piga pasi zote, baba, hata chupi. Nzi hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa. Usipozipiga pasi, funza watakuingia mwilini."

"Shangazi, chupi yangu anaiona nani?" Nikacheka, nikaipakia vilevile.

Nilirudi kwenye baridi ya Johannesburg, chumbani kwangu Rosettenville. Siku chache baadaye nikaota majipu takoni, yanawasha ajabu. Kwa akili zangu za chuo kikuu nikahitimisha: kunguni! Nikayapaka mafuta mazito ya mgando, nikaliburuta godoro hadi uani, nikawaita wapangaji wenzangu na kuwahimiza tuhame sote. Mama Neema, mwenye nyumba wetu kutoka Kongo, anaishi kwa kodi zetu. Alikuwa karibu kulia.

"Papa, kunguni haiko kwangu. Ushahidi uko wapi?"

Ushahidi! Hapo alikuwa amenigusa penyewe. Nikawapa mgongo, nikashusha bukta mbele ya watu wote.

Jirani yangu Musa akasema, "Eish, kaka, usikae kwanza. Kuna mtu anachungulia."

Mafuta yalikuwa yamemziba funza pumzi, naye alikuwa ametokeza kwenye jipu kutafuta hewa.

Mama Neema akavaa miwani, akainama, akatazama bila haraka.

"Papa, huyu njo kunguni ya nyumba yangu? Miguu yake iko wapi?"