Madawati Ambayo Randa Hakuyagusa

Kumfanya Randa avimbe si kazi. Mtajie benchi lolote kwenye korido ya zahanati iliyo ng'ambo ya shule, atakueleza mbao zilikaushwa muda gani na ni nani mwenye kilo mia na ushee aliyelikalia bila benchi kulia hata mara moja. Yeye ni seremala wa shule ya sekondari, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wanafunzi ndio waliompa jina la Randa, kwa sababu chombo hicho cha kulainishia mbao hakimtoki mkononi, na pia kwa sababu maneno yake nayo yanakwaruza. Masomo aliyaacha darasa la sita, jambo analolitaja kama mwingine anavyotaja shahada. Hajasoma, anasema, lakini wasomi wote wa shule ile wanakalia kazi yake.

Ila kuhusu mabenchi ya zahanati kulikuwa na siri.

Miaka minne nyuma shule ilijiunga na mtandao wa shule za nchi nane. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya likizo, wanafunzi thelathini na kitu kutoka nchi hizo hushuka na mabegi yao na kulala mabwenini pamoja na wenyeji. Asubuhi wanakaa ukumbini, wanajadiliana, wanachaguana, wanabishana, wanafundishana nyimbo za kwao. Mwenyekiti wa kila kikao ni mwanafunzi, na mwalimu akitaka kusema hunyoosha kidole asubiri. Hilo Randa alilipenda kuliko yote. Alikuwa akipita karibu na madirisha ya ukumbi bila kazi yoyote, ili tu amwone mwalimu wa hesabu akinyimwa nafasi.

Mchana wanafanya kazi ya kujitolea, na kwa miaka yote minne kazi ilikuwa kutengeneza mabenchi ya zahanati. Wageni walikuwa na moyo kweli, mikono ndiyo walikuwa wameisahau kwao. Walipigilia misumari panapofaa na pasipofaa, wakamwaga gundi kama uji, wakapiga picha. Mwaka wa kwanza, siku ya kuwaaga, mkaguzi wa shule aliketishwa kwenye benchi jipya mbele ya umati. Benchi likaachia. Mkaguzi alishuka nalo hadi sakafuni akiwa bado anapiga makofi.

Baada ya hapo mwalimu mkuu alimwita Randa pembeni akamwambia aibu ile isijirudie tena. Hakusema isijirudie vipi, na Randa hakuuliza. Kila wageni walipoondoka, aliyarudisha mabenchi karakanani mawili mawili kwa kisingizio cha kuyapaka vanishi ya pili. Huko aliyafumua. Alichonga upya kila kiungo, ncha ya mbao moja iwe ulimi, mbao ya pili iwe na tundu la kuupokea, ulimi ukizama usitoke hata kwa matusi. Kisha alirudisha vibao vyenye majina ya wageni mahali pake. Chini ya benchi, pasipoonekana, alichora kwa penseli randa ndogo.

Miaka minne, mabenchi arobaini na nane. Mtandao ulisifu, wageni walituma salamu, na mwalimu mkuu mwenyewe aliamini kwamba vijana wa siku hizi wanajifunza haraka. Siku za sherehe Randa alisimama nyuma ya ukumbi akisikiliza wengine wakivishwa sifa zake, akichekea moyoni. Alikuwa na fahari ambayo hakuna aliyemgawia wala wa kumnyang'anya.

Ikafika zamu ya mpwa wake. Binti huyu wa dada yake aliishi kwake tangu kidato cha kwanza, mama yake alipohamishwa kikazi mbali. Mwaka huu wanafunzi walimchagua kiongozi wa wiki ya wageni, na tangu siku hiyo mjomba wake hakumwita tena kwa jina. Alimwita Mheshimiwa, hata akimwomba chumvi.

Majuma mawili kabla ya wageni kufika, Mheshimiwa aliingia karakanani na barua aliyoziandikia shule zote za mtandao, akaisoma kwa sauti mjomba akiranda mlango. Alikuwa ameandika kwamba mabenchi arobaini na nane ya wageni yamekaa miaka yote hiyo bila hata moja kulegea, kwa hiyo mwaka huu wanaweza kukabidhiwa kazi kubwa zaidi. Shule ya msingi ya jirani inafungua madarasa mawili mapya na haina pa kuwakalisha watoto. Wageni watatengeneza madawati arobaini, wataondoka Jumamosi, na Jumatatu watoto wataingia. Chini aliweka saini yake.

Randa ilisimama katikati ya ubao. Benchi moja humchukua seremala nusu siku kulifumua na kulijenga upya. Madawati arobaini kwa Jumapili moja! Hata angeota mikono minane, asingeweza. Na madawati si kama benchi la zahanati ambalo mtu hukalia kwa adabu akisubiri kuitwa. Dawati hukaliwa na watoto watatu wanaosukumana tangu asubuhi.

Angesema siku ile, hadithi ingeishia hapo. Badala yake alisema barua ni nzuri, labda aongeze koma mahali, akaendelea kuranda mlango ambao ulikuwa laini tangu jana yake.

Akaumeza ukweli siku kumi na nne. Wageni wakafika. Jumatatu mchana dawati la kwanza likakamilika uwanjani, misumari kumi na tisa, gundi ikitiririka miguuni. Wakashangilia wakakumbatiana. Mbele yao wote alikuwa kijana mrefu ambaye Randa alimwita Mlingoti, aliyekuja mwaka uliopita pia, na siku ya kwanza tu alivuka barabara kwenda zahanati kupiga picha benchi lenye jina lake. Mheshimiwa aliketi kwenye dawati lile, akaegemea, na Randa, aliyekuwa dirishani mwa karakana, akaona mguu wa nyuma ukiachama kidogo kama mdomo wa mtu anayetaka kusema.

Alimwita ndani. Akageuza juu chini benchi bovu la mwaka uliopita, la ziada ambalo hakuwahi kulifumua wala kulipeleka zahanati, akamwonyesha viungo. Kisha akamvusha barabara hadi zahanati, akamwomba ainame chini ya mabenchi. Wagonjwa walimtazama binti wa watu akitambaa korido nzima. Randa ndogo ya penseli ilikuwepo chini ya kila moja.

Mheshimiwa alisimama akajipangusa magoti. Hakulia wala hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mjomba.

"Kwa hiyo miaka minne tumekuwa tukiwavika kilemba cha ukoka."

"Tuliwaheshimu tu, mwanangu. Mgeni humwambii kazi yake mbovu."

"Mimi si mgeni, Mjomba. Mimi mbona hukuniambia?"

Randa alikwaruza ukingo wa benchi kwa ukucha. Alisema tu kwamba alikuwa anazipenda zile sifa, kwamba kila walipomsifia mgeni yeye alijisikia mrefu. Binti akasema kesho asubuhi atalisema lote ukumbini, na mjomba atakuwa kando yake.

Mwalimu mkuu alipoambiwa alikaa chini. Ilikuwa aibu mbele ya shule za nchi nane, na barua ilishakwenda. Alimkumbusha Mheshimiwa kwamba saini iliyo chini ya barua ni yake peke yake, na kwamba mtandao huchagua kila mwaka mwanafunzi mmoja wa kukaa katika baraza lake, na kuwa wote walidhani mwaka huu atakuwa yeye. Kama anataka, madawati yanaweza kutengenezwa polepole baadaye na mafundi, bila kelele. Binti alijibu kwa adabu zote kwamba watoto wa Jumatatu hawatakalia baraza.

Kesho yake alisimama mbele ya ukumbi, mjomba pembeni akiwa na shati la kwenda kuposa. Alieleza yote kwa lugha waliyoielewa wageni, pole pole, bila kujitetea, na akasema barua aliyoandika haikuwa kweli ingawa yeye mwenyewe aliiamini. Mlingoti ndiye aliyenyoosha kidole. Aliuliza kama hata benchi lake yeye lilifumuliwa. Mpwa akamtafsiria mjomba.

"Mwambie," Randa alisema, "lake ndilo lilikuwa bovu kuliko yote."

Mheshimiwa alisita. Angeweza kulainisha, na mwalimu mkuu alikuwa akimkonyeza alainishe. Akalitafsiri neno kwa neno. Mlingoti akawa mwekundu hadi masikioni, akatazama viatu vyake. Kisha akauliza swali la pili, nalo likatafsiriwa: benchi lake lilikosea wapi?

Randa husema siku zote kuwa hapo ndipo alipompenda yule kijana. Alishuka jukwaani, akamshika mkono, akampeleka karakanani, na ukumbi mzima ukawafuata.

Dawati la kwanza lilifumuliwa asubuhi hiyo hiyo. Misumari ilirudishwa koponi. Sheria ikawa moja, kwamba dawati halitoki mlangoni mpaka Randa apande juu yake na tumbo lake lote, acheze kidogo, na lisitoe hata mlio. Likilia, linafumuliwa na aliyelitengeneza, na hakuna wa kumsaidia. Mlingoti alifumua lake mara tatu. Mara ya tatu alikaa kwenye maranda akakataa kula, na wenyeji wawili wa bweni lake wakakaa naye, kila mmoja akipiga msasa kipande chake.

Walimu walifika kuona wakapewa patasi. Mwalimu wa hesabu alikosea kipimo mbele ya kila mtu, na habari hiyo Randa alihakikisha inafika hadi jikoni.

Kulikuwa na msichana mmoja mgeni asiyesema sana, ambaye babu yake kwao pia alikuwa seremala. Siku ya pili aliushika msumeno wa fremu, akaufungua, akageuza ubapa meno yaelekee nyuma, akauvuta badala ya kuusukuma. Randa alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia Mheshimiwa amweleze mtoto kwamba msumeno si ng'ombe, hauvutwi. Msichana aliuweka ubao sawa. Alivuta, polepole, na ubao ukaachana kwenye mstari mwembamba na safi kama karatasi iliyokatwa kwa wembe. Randa aliuchukua ule ubao akaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaugeuza, akaurudia. Kisha akachukua msumeno wake mwenyewe wa miaka ishirini na mbili na akafungua skrubu. Mchana huo alijifunza kuvuta, na alipokosea msichana alimgonga kidole kwa penseli, kama yeye anavyowagonga wengine.

Lakini kazi ya haki ni ya polepole. Ijumaa jioni madawati yaliyopita mtihani wa tumbo yalikuwa kumi na tisa. Barua ilisema arobaini. Mheshimiwa alienda mwenyewe kwa mkuu wa shule ya msingi, akaomba radhi, akaeleza kuwa darasa moja litakalia madawati Jumatatu na la pili litasubiri. Vipande vya yaliyobaki vimeshapimwa, na wanafunzi wa sekondari sasa wanajua kuviunga wao wenyewe. Mkuu yule hakufurahi. Alikuwa ameshawaahidi wazazi. Binti alisikiliza lawama zote akiwa amesimama, na alipotoka nje mjomba wake, aliyekuwa akimsubiri getini, hakumwita Mheshimiwa. Alimwita mama, jina unalompa mtoto unapomwona amekua.

Jumamosi wageni waliondoka. Katika kikao cha mwisho walipiga kura ya mjumbe wa baraza la mtandao, na aliyelitaja jina la binti kwanza alikuwa Mlingoti. Alishinda. Randa hakuelewa neno hata moja la kikao kile, ila aliona mikono ilivyopanda.

Jumapili asubuhi alimkuta mpwa wake karakanani peke yake. Alikuwa akiyageuza madawati juu chini, moja baada ya jingine, akiinama na kutazama.

"Unanipekua?" Randa aliuliza.

"Nakupekua."

Aliketi juu ya meza ya kurandia akamwacha amalize, akijifanya amechukizwa. Kumi na tisa yote. Binti alipitisha kidole kwenye kila pembe akitafuta alama ya penseli. Hakupata. Chini ya moja tu alikuta kitu, maandishi ya Mlingoti kwa lugha ya kwao, ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuyasoma.

Jumatatu watoto waliingia wakisukumana, watatu watatu. Hakuna mguu ulioachama. Wiki tano baadaye darasa la pili nalo liliketi, kwenye madawati ishirini na moja yaliyojengwa na wanafunzi wenyewe baada ya vipindi, Mheshimiwa akiwa msimamizi na mjomba akiwa mtihani.

Siku hizi ukimsimamisha Randa getini bado atakueleza habari za mabenchi ya zahanati, maana hawezi kuacha kabisa. Lakini atakuharakisha. Atakushika mkono mpaka kwenye dirisha la shule ya msingi, akuonyeshe vichwa vimeinamia madaftari, na akuambie kwa kifua chote, kama mtu aliyejenga daraja, kwamba pale ndani kuna madawati arobaini na yeye hajagusa hata moja.