Injini ya Kanisa Niliyoitunza Mno

Kule kwetu Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, mimi Gervais nilizoea injini zinazokimbia usiku na mchana mpaka zitoe moshi mweusi. Ratiba ya matengenezo hatukuijua. Injini ikikohoa, tunaifungua. Ikinyamaza, tunamwomba Mungu. Basi kanisa letu la Kashojwa, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, lilipopata injini mpya ya mtumbwi mwaka 2009 na kunichagua niitunze, nilijiona nimerudi kuwa mtu. Kabla ya hapo nilikuwa mpalilia maharage kama wengine. Sasa nikaitwa Motoriste, yaani mwendesha injini, nikaanza kutembea polepole ili watu wapate nafasi ya kuniita.

Kijitabu chake kilisema ifanyiwe matengenezo kila saa mia za kazi, au kila mwaka hata kama saa hizo hazijafika. Saa mia nilizielewa. Hayo ya mwaka niliyaona maneno ya wauza oili. Injini haijafanya kazi, itachoshwa na nini? Nikapiga hesabu ya kijanja: nikiiwasha kwa nadra, saa mia hazitafika, nayo itabaki mpya mpaka nizeeke. Nikaifunika blanketi. Blanketi lenyewe lilitoka kitandani kwetu.

Mke wangu Viviane ana dada yake, Chantal, ng'ambo ya ziwa la hapa Nakivale. Chantal aliumwa kifua, hakuweza safari. Viviane naye goti lilikuwa bovu, kuzunguka ziwa kwa miguu asingeweza, na mitumbwi ya wavuvi ilikuwa ikiingiza maji. Kumvusha kwa kasia sikutaka hata kusikia. Motoriste hapigi kasia.

"Baba Joël," alinisihi, "unipeleke basi kwa dada. Siku moja tu. Nitakuya kumuona siku ya kumuzika?"

"Mama Joël, ile injini ni ya kazi ya Mungu. Haiko ya kutembeza bibi."

Akawa anamtumia dada yake salamu na unga wa muhogo kwa wavuvi. Mwaka ukapita, na mwingine.

Ikaja Jumapili ya ubatizo. Mchungaji Rwakabuba alikaa mbele ya mtumbwi na suti yake, kwaya ikaimba ufukweni, nami nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Kwaya ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine, na mimi bado navuta, mpaka kifungo cha suruali kikaruka majini. Shemasi Byamungu akachukua kasia. Mchungaji akachukua la pili. Wakanivusha hivyo, mimi nimekaa nyuma kwa heshima zote, nimeshika usukani wa injini iliyokufa.

Kanisa likanituma Mbarara, kwa Benon, fundi wa karibu na Nyamitanga ambaye zamani alikuwa askari.

"Afande," nilimwambia, "hii injini haijatumika kabisa. Iko mupya."

"Ndiyo maana imekufa, mzee. Petroli imelala ndani mpaka imekuwa gundi. Na hii mpira ya pampu ya maji, ona, imekauka kama biskuti. Mwaka ikiisha, leta hapa, hata kama hujatumia. Na kila wiki mbili washa, zungusha kwa ziwa, rudisha."

"Hata kama hakuna safari?"

"Tafuta safari."

Nikaitafuta. Injini ilipopona, nilimwambia Viviane, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba Jumamosi nampeleka kwa dada yake. Alivaa kitenge chake cha Noeli. Njia nzima nilimfafanulia mambo ya kabureta. Yeye alitazama maji na kucheka peke yake. Nikajiona mume bora kuliko wote wa Nakivale.

Chantal alitungoja ufukweni, amekonda, ameegemea fimbo. Walikumbatiana mpaka nikaanza kukagua plagi ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Kisha Chantal akanigeukia kwa huruma.

"Pole, shemeji. Miaka yote hii injini kukufia mu mikono! Batu ya huku banakucheka sana. Minabaambia, bamuache, hata fundi anaweza kushindwa."

Kumbe ng'ambo nzima walijua kwamba Motoriste wa Kashojwa hajui injini. Hasira ikanipanda. Heshima niliyojinyima usingizi kuilinda, huku ilishakwisha zamani!

"Mama Joël, ni weye ulimuambia injini ilikufa?"

"Ni mimi."

"Na ilikuwa muzima!"

"Ilikuwa muzima," alisema, na macho yake yalijaa machozi. "Sasa ningemuambia nini? Ya kama bwana yangu anakataa kunivusha nione ndugu yangu?"

Chantal alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akampokea Viviane kikapu. Wakapanda kwenda nyumbani wameshikana mikono, wote wawili wakichechemea. Hakuna aliyeniambia karibu. Nilibaki pale na injini yangu, nzima kabisa.