Kinyota cha Fundi Cherehani

Nitakayowaeleza hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyeyaona kwa macho haya mazuri huwa nayatilia shaka.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anapima damu kwenye maabara ya hospitali. Mwembamba kama uzi, sauti ya chini, lakini akikasirika hata mimi, dume la mbegu, natafuta pa kujificha. Siku hiyo nilikuwa korido na fundi cherehani wangu, mgonjwa wa homa ya ini wa miaka mingi. Daktari wa zamu alikuwa ametoka kumwambia ana saratani, akamwambia arudi nyumbani. Ushahidi wenyewe karatasi moja ya kipimo cha damu: namba themanini na sita, na kinyota pembeni kuonyesha imezidi. Fundi akawa ananiuliza amwachie nani cherehani yake.

Mpwa akapita na trei ya vichupa, akaisoma ile karatasi, akaingia kwa daktari bila hodi. Mlango aliuacha wazi, na mimi masikio sikupewa ya mapambo.

"Hii nimeipima mimi. Umeangalia vipimo vyake vya nyuma?"

"Kiashiria cha saratani kimezidi. Unataka nini tena?"

"Ini likiwaka kwa homa nalo huipandisha hiyo namba. Vipimo vyake vingine vya ini vimepanda wiki hiyohiyo, viko kwenye faili. Umemuuliza kama anameza dawa zake za ini?"

Hakumuuliza. Fundi alikuwa ameziacha miezi minne iliyopita, eti amepona.

"Kwa hiyo hana saratani?" Daktari akacheka puani.

"Sijasema hana. Karatasi haijui. Mpige picha ya ini, mrudishe kwenye dawa, tupime tena. Umemzika mtu mzima kwa kinyota."

Akatoka, akamgeukia fundi. "Na wewe, baba, nani alikwambia umepona? Cherehani?"

Fundi akainamisha kichwa. Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Picha haikuonyesha uvimbe. Dawa akazirudia. Baada ya miezi mitatu akapimwa tena, na namba, ndugu zangu, ilikuwa sifuri kabisa, ini jipya kama la mtoto mchanga, wala hatapimwa tena mpaka...

"Mjomba." Amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninayoandika. "Ilikuwa kumi na moja. Na picha ni kila miezi sita. Futa hiyo sifuri kabla mtu hajaisoma akatupa dawa zake."