Koti la Rubani Kwenye Chumba cha Kukaushia

Nakumbuka Jumamosi moja nilipoiba koti la marehemu huku nikijiona nimebahatika. Mwanangu, nakueleza mwenyewe kabla hujaelezwa na wengine, maana juzi uliniuliza, kwa Kiswidi chako hicho, kwa nini kila mwaka nashuka chini na koti la Bibi Margit, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, kisha nakaa nalo kama mlinzi.

Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi, mgeni wa miezi miwili hapa Hässelby, Uswidi. Chini ya jengo, kwenye chumba cha kufulia, palikuwa na benchi ambapo watu waliacha vitu wasivyovitaka. Anayetaka huchukua. Siku hiyo benchi lilikuwa tupu, ila kwenye chumba cha pili, cha kukaushia nguo, lilining'inia msumarini koti la ngozi lenye manyoya shingoni. Nje baridi inauma meno. Nikajiambia, msumari na benchi si ni ndugu?

Jumapili nikalivaa kwenda kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Walipouliza, nikasema najifunza urubani, tena wa jeshi la majini. Mimi, niliyepanda ndege mara moja tu maishani na kutapika njia nzima! Mabinti walinisogezea chai. Mrundi mmoja akaniombea nisianguke.

Mchana ule nikakutana na Margit kwenye lifti. Hakupiga kelele. Alilitazama koti, akaniambia niingie kwake nikae.

Kaka yake, alisema, alikuwa Mnorwe kama yeye, rubani wa jeshi la majini wakati wa vita, kijana wa miaka ishirini na miwili. Aliruka juu ya bahari kwa ndege ya kutua majini, akitafuta mabaharia ambao meli zao zimezamishwa. Siku moja akawaona kumi na mmoja juu ya chelezo. Mawimbi hayakumruhusu kutua, na akiondoka, meli ya kuwaokoa isingewaona. Basi akabaki akizunguka juu yao, akijua mafuta yanaisha. Meli ikafika, wote kumi na mmoja wakapona. Ndege yake ilianguka mbele kidogo, naye hakuonekana tena. Koti lake lilikuwa limelowa, akaliacha kambini likikauka, akaruka na la kuazima. Ndiyo maana kila mwaka, siku ile ile, dada mtu alilitundika.

Alinitaka jambo moja: Jumapili inayofuata nisimame pale pale niliposema uongo, niwaeleze mwenye koti ni nani. Nikaomba niandike barua. Akakataa.

Nikasimama. Walinicheka, na walikuwa na haki. Nilipofika kwa wale kumi na mmoja, kicheko kikaisha. Yule Mrundi, aliyejua vita ni nini, akainuka, kanisa zima likainuka naye. Sijawahi kujivunia mtu nisiyemjua kama siku ile.

Basi mwanangu, ukitamani sifa, tafuta kwanza kazi iliyozileta. Ukikuta za mwenzako zimetundikwa mahali, zilinde, usizivae. Mungu akupe moyo wa kubaki na wanaokutegemea, na akupe mafuta ya kukurudisha nyumbani.

Bibi Margit sasa ana miaka tisini, magoti hayamruhusu ngazi za kule chini ambako lifti haifiki, ndiyo maana nalishusha mimi. Nilimsomea haya kuomba ruhusa yake. Akanitazama tumbo, kisha akasema: "Andika pia kwamba ulipolivaa, vifungo havikufika. Kaka yangu hakuwa na kitambi."