Redio Yenye Mafua

Kasiani alikuwa na jambo moja tu moyoni: kuingia bendi ya kiwanda cha nguo alikofanya kazi, asizeekee kwenye mashine za nyuzi. Kiongozi wa bendi, Ndugu Adelard, alimwambia, "Niletee kanda Ijumaa. Nataka gitaa linalokwaruza, kama la kwenye santuri za nje. Wa kulibembeleza ninao tele."

Gitaa aliazima. Tepurekoda na kanda yake moja vilikuwa vya rafiki yake, Fakihi. Amplifaya ndiyo haikuwapo. Iliyokuwapo katika nyumba ya Temeke alimopanga ni redio kubwa ya mbao ya mama mwenye nyumba, Mama Rosalia. Kila jioni aliifungulia matangazo ya vifo, na wapangaji wote wakanyamaza, maana misiba ya kwao Masasi iliwafikia kwa njia hiyo.

Jumatano Mama Rosalia alipokwenda sokoni, wakachomeka gitaa nyuma ya redio. Sauti ikatoka laini.

"Bwana wee, hili gitaa limelishwa uji," akasema Fakihi.

Wakaiingiza redio ndani ya pipa; gitaa likalia kama mtu aliyetumbukia kisimani. Wakaifunika godoro, gitaa likakoroma. Mwishowe Fakihi akafungua mgongo wa redio, akaichana kidogo karatasi ya spika kwa wembe. Kasiani akagusa uzi mmoja. Likakwaruza mpaka vinyweleo vikamsimama! Lakini kabla hawajaanza kurekodi, Mama Rosalia akarudi.

Jioni mtangazaji akasoma vifo kwa sauti ya chui anayesukutua.

"Jamani, mtoto wa watu!" akasema Mama Rosalia. "Kifua kimembana hivi, na bado wanamweka kazini?"

Kasiani akainamisha kichwa.

Asubuhi Mama Rosalia akachemsha tangawizi, akaijaza kwenye chupa ya chai, akapanda basi kuipeleka kwa mgonjwa huko stesheni ya redio. Kasiani, aliyekuwa zamu ya usiku wiki ile, alijiona mtu mbaya kabisa. Hata hivyo akachomeka gitaa, Fakihi akabonyeza tepurekoda.

Wimbo ulikuwa umepamba moto mlango uliposukumwa.

"Mtangazaji mzima kama kengele! Tangawizi yangu wamekunywa walinzi!" Mama Rosalia akasimama, akasikiliza. "Ala! Kumbe mgonjwa ni redio yangu! Kasiani, umeifanya nini?"

"Shikamoo, Mama," akajibu Kasiani, vidole bado vinapiga.

"Marahaba, mshenzi wewe!"

Kanda ikaishia hapo. Nyingine hawakuwa nayo.

Ijumaa Ndugu Adelard aliisikiliza yote, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Kasiani alikuwa akitazama sakafu.

"Huyu mama ni nani?"

"Mwenye redio."

"Na wewe ukamwamkia huku unapiga?"

"Ningefanyaje, ndugu? Mtu mzima yule."

"Mkono haukuteleza hata kidogo," akasema Ndugu Adelard. "Jumatatu uje. Na hiyo redio uje nayo, isiguswe na fundi yeyote."

Kasiani akaenda kumwomba Mama Rosalia. Alimteka maji, akamfagilia uwanja, akamchanjia kuni. Jumapili jioni Mama akamwita.

"Redio yangu haitembei peke yake," akasema.

Jumatatu wakafika kwenye geti la kiwanda, Kasiani mbele na gitaa, Mama Rosalia nyuma na redio kichwani juu ya kata ya kitambaa. Mlinzi akawatazama, asijue amwulize nani.

"Mwanamuziki ni yupi?"

"Mimi," akasema Mama Rosalia. "Huyu ananibebea gitaa."