Usukani Juu ya Meza ya Mama

Harufu ya mota ndogo ya umeme inapopata moto haifanani na nyingine yoyote. Si moshi wala si mafuta; ni kama vumbi lililoungua juu ya chuma, likachanganyika na plastiki iliyokaa juani. Nyumbani kwetu Kabondo, katika msimu wa mvua nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, harufu hiyo ilikutana sebuleni na ile ya mawese yaliyochemka uani na ya vitambaa vipya vya wateja wa mama. Mama alikuwa mshonaji, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake: cherehani karibu na dirisha, na katikati meza ndefu ya mbao nzito aliyokatia nguo. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe juu ya meza ile. Kwa hiyo siku tonton Amisi, mdogo wa mama, alipoingia na katoni kubwa kichwani na kuomba aazimwe meza, niliacha sombe, majani ya muhogo niliyokuwa nikichambua, nikaja kusimama mlangoni, nione atakavyofukuzwa.

Hakufukuzwa, kwa sababu alianza kueleza kabla hajaitua katoni. Alikuwa amepanga chumba kidogo karibu na soko ili vijana waje kucheza michezo ya kompyuta, na mtu aliyerudi kutoka ng'ambo alikuwa amemuuzia usukani wa kuendeshea magari ya kwenye skrini. Haukuwa mchezo wa watoto wadogo, alisema. Ndani yake mlikuwa na mota, na mota hiyo ilimrudishia dereva mikononi kila kitu ambacho gari la kwenye skrini lilikutana nacho: ukipita kwenye shimo usukani unatetemeka, ukiingia kwenye kona unakuwa mzito, ukigonga ukuta unakurusha. Tatizo ni kwamba hakujua namna ya kuufunga wala kuurekebisha, na kule kwenye chumba chake umeme ulikuwa bado haujavutwa. Sisi tulikuwa nao karibu kila siku, na tulikuwa na meza isiyotikisika. Mama alikunja kitambaa alichokuwa akikikata. Alimtazama ndugu yake, kisha akatazama pembeni, alikokaa papa, baba yangu.

Papa alikuwa dereva wa lori. Tangu nizaliwe nilimjua kama mtu anayekwenda na kurudi: anaondoka kuelekea Buta na shehena ya chumvi na sabuni, anarudi na mchele na mawese, suruali imeganda matope hadi magotini. Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza alipatwa na kiharusi. Hospitali ilimrudishia uhai na mguu wake kwa sehemu, lakini mkono wa kushoto ulibaki ukining'inia kama wa mtu aliyelala, na maneno yalimtoka yamevunjika. Mama mmoja wa hospitali aliyekuwa akija kumnyoosha viungo alisema mkono ule ulihitaji kazi, kitu cha kushindana nacho. Papa hakushindana na chochote. Alikaa kwenye kiti chake uso ukielekea ukutani. Madereva wenzake walipokuja kumjulia hali alifumba macho na kujifanya amelala, mpaka wakaacha kuja. Hakutoka hata barazani. Mtu aliyezoeleka mtaani kwa kupiga honi akifika hakutaka aonekane akiburuta mguu.

Tonton aliubana usukani kwenye ukingo wa meza kwa vibanio viwili vya skrubu, akaweka pedali sakafuni na kuunganisha nyaya kwenye kompyuta iliyotoka katoni ileile. Alipowasha kompyuta, usukani uligeuka wenyewe, kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, ukarudi katikati ukatulia. Mimi nilirudi nyuma hatua kadhaa. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Amisi, toa kitu yako mu nyumba yangu. Iko na pepo." Tonton alicheka, akamweleza kwamba ulikuwa ukijipima ili ujue katikati yake ni wapi. Shida nyingine ikazuka: kila alipokanyaga breki, pedali ziliteleza kwenye saruji zikakimbilia ukutani. Hapo mama, ambaye miguu yake ilikuwa imekanyaga cherehani tangu usichana, alisahau pepo. Alichukua mabaki ya liputa, vitenge vya wateja wake, akayasokota, akazifunga pedali kwenye miguu ya kiti alichokalia tonton. Hazikuteleza tena.

Ila gari la kwenye skrini lilikataa kutii. Kila tonton alipokata kona, usukani uliponyoka mikononi mwake na gari likaishia kwenye majani. Alijaribu asubuhi yote. Alikuwa mwendesha pikipiki, hajawahi kushika gari, na alishaanza kusema kwamba ameuziwa kitu kibovu. Ndipo tuliposikia sauti kutoka pembeni.

"Iko nakimbia katikati," papa alisema. Maneno yalikuja polepole, lakini yalikuja. "Usukani ya kweli inarudiaka. Yako inakimbia."

Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa. Sijui alikigeuza saa ngapi. Wote tulikuwa tukitazama skrini. Tonton alitafuta kwenye orodha za mipangilio hadi akapata mahali pa kugeuza mwelekeo wa nguvu. Alipobofya, kona iliyofuata aliipita, na usukani ukajirudisha katikati taratibu kama alivyosema papa. Kwa furaha akainuka, akamwita papa kwa neno tulilomwitia kila ndugu mkubwa: "Yaya, kuja basi wewe mwenyewe." Akamshika papa mkono, akamketisha.

Ile mara ya kwanza ilikuwa mbaya. Papa aliendesha kwa mkono wa kulia, na mama akamwekea wa kushoto juu ya usukani, kidole kwa kidole. Nguvu za mota zilikuwa zimewekwa hadi juu kabisa. Gari liligusa ukingo wa barabara, usukani ukaruka, na mkono wa kushoto ukatupwa chini ukagonga meza. Papa aliutazama mkono wake mwenyewe kwa namna ambayo sikuweza kuitazama. Akarudi kwenye kiti chake, akakigeuza tena ukutani. Tonton alitaka kufungua vibanio na kuondoka na vitu vyake, lakini mama alisema, "Punguza." Tonton akauliza apunguze kiasi gani. "Mpaka mutoto anaweza kuzungusha na kidole kimoja."

Walijaribia kwangu. Tonton alishusha nguvu mpaka kidole changu cha shahada kikatosha. Kesho yake papa alirudi mezani bila kuitwa. Tangu hapo kazi yangu baada ya shule ikawa kukaa karibu na kompyuta na kumwongezea uzito. Aliniambia "ongeza" au "acha", na mimi nilisogeza alama kwenye skrini kwa kiasi kidogo mno, kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha mgeni. Alichagua barabara za matope tu. Hizo za lami alisema hazina maana. Mwanzoni mkono wa kushoto ulifuata tu ulikopelekwa na ule wa kulia. Kisha, siku moja mvua ikipiga mabati, niliona vidole vikikaza kabla ya kona, si baada yake. Papa naye aliona. Alirudia kona ileile, na tena, jasho likimtiririka shingoni, na mama nyuma yetu aliacha kukanyaga cherehani yake ili asikie vizuri. Siku hizo zote alikuwa akikatia nguo sakafuni, juu ya mkeka, na jioni aliinuka akijishika kiuno.

Likizo ya shule ilipokaribia, umeme ulikuwa umefika kwenye chumba cha tonton, na usukani ndio alioutegemea uwaite wateja. Alikuja akakaa mbele ya mama muda mrefu akizungumzia mambo mengine. Mwishowe alisema, "Yaya, nitaiacha hapa. Yeye ndiye anaihitaji." Papa alikuwa amelala chumbani. Nilimtazama mama nikitegemea kwamba atamshukuru. Mama alisema, "Hapana. Peleka. Kama anaitaka, ataifuata."

Nilimchukia mama kwa neno hilo. Nilidhani anaitaka meza yake. Tonton alifungua vibanio bila kuinua macho, na papa alipoamka akakuta vitambaa vimetandazwa pale ulipokuwa usukani. Alirudi kwenye kiti cha ukutani. Ilipita siku, ikapita nyingine. Nilikataa kula lituma, ndizi za kupondwa alizopika mama, naye hakunibembeleza.

Asubuhi moja papa aliomba shati la kutokea. Mama alimpa, na mikono yake ikabaki kando alipoona anahangaika na vifungo. Papa alivaa kandambili, akashika fimbo aliyoletewa kutoka hospitali na ambayo hakuwahi kuitumia, akatoka. Barabara ilikuwa imejaa watu waendao kazini. Kijana wa toleka, abebaye abiria kwa baiskeli, alisimama na kumwonyesha kiti cha nyuma. Papa akakataa kwa kichwa. Mwanamke aliyeuza makemba, ndizi za kupika, alishangaa kumwona, akamwita kwa jina langu, "Papa Mwamini, njo weye?" naye akainua mkono kumwitikia, ule wa kushoto, ingawa haukupanda juu ya kifua. Nilitaka kukimbia nimshike, kwa kuwa barabara ilikuwa inateleza. Mama alinizuia kwa kunishika bega. "Mwamini, kaa hapa." Tulisimama hivyo mpaka alipopotea kwenye kona ya soko. Kisha mama alirudi ndani, akashika mkasi, akakata mkono wa gauni la mteja kinyume. Ni kitambaa pekee nilichowahi kumwona akikiharibu.

Papa hakurudi kwenye lori. Lori lilipewa dereva mwingine, na siku lilipopita mbele ya nyumba yetu aliingia ndani. Lakini kila asubuhi alikwenda kwa tonton kabla ya wateja, akafanya mazoezi yake, kisha akabaki. Baadaye ni yeye aliyewawekea vijana uzito wa usukani kulingana na mikono yao, na madereva wenzake walianza kupita pale kumsalimia kabla ya safari, naye hakufumba macho. Aliishi hivyo miaka mingi, mpaka homa ilipomchukua nikiwa chuoni.

Siku hizi chumba kile ni saluni. Vijana wa Kabondo wanacheza kwenye simu zao, na mpwa wangu aliniambia kuna sukani mpya ambazo nguvu zake zinaweza kukuvunja kidole gumba, nami nikasadiki. Mimi nina umri aliokuwa nao mama wakati ule, na mama anaishi kwangu. Goti lake limeharibika, ngazi za mlangoni zinamtesa, na daktari anasema lazima azipande mwenyewe. Kila asubuhi najiambia leo nitasimama tu na kumtazama. Anaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, anasita, na kabla sijafikiri nimeshamshika kwapani. Ananitazama, anatikisa kichwa, na tunapanda pamoja.