Siku Kulwa Alipotaka Kuwa Askari na Mchawi

Sisi tuliosoma shule ya msingi Kibaha, enzi ambazo ukishuka Maili Moja unapokelewa kwanza na harufu ya mahindi ya kuchoma, tulikuwa na raha zetu na hofu zetu. Raha wenzangu mnazijua. Rede ya mpira wa soksi kuukuu, ubuyu unaotia ulimi rangi mpaka mwalimu anakujua, maandazi ya moto yaliyofungwa kwenye gazeti, kombolela mpaka mama akuite kwa jina lako na la ukoo mzima. Hofu ndizo hatuzisimulii. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kupanga maneno kama wanaojua, na huenda mengine nimeyachanganya. Lakini nitajaribu kuandika bila kumwonea mtu.

Baba yetu alikuwa karani, na alipenda kununua vitabu vya mtumba. Siku moja katika mzigo wake kikatoka kiboksi. Ndani mlikuwa na kijitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, na dadu ambazo hatukuwahi kuziona: moja ina pembe kama sambusa, nyingine ina pande nyingi hata inakaribia kuwa gololi. Pacha wangu, Kulwa, ndiye aliyekisoma kijitabu kile, nusu kwa kamusi, nusu kwa kubuni. Mimi Doto nilikubali kila alichosema, maana alinitangulia kuzaliwa na hakuacha nisahau.

Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Mmoja anasema mko wapi na mbele yenu kuna nini, wengine mnasema mnafanya nini, halafu dadu inaamua kama mmeweza. Kila mtu na kazi yake: askari, mwindaji, mwizi, mganga, mchawi. Ukishinda unapanda darasa. Askari alikuwa na nguvu, lakini moto hawezi kuurusha. Mchawi alirusha moto, lakini ukimpiga kofi tu kaanguka. Kwa hiyo kila mtoto akifika darasa la tatu alianza kutamani vyote viwili.

Iliruhusiwa, kwa masharti. Uchawi unauanza darasa la kwanza upya, kama mtu aliyefeli. Chuma unakivua, maana mwili ukibanwa maneno hayashiki. Na sharti utaje mbele ya wote nani amekufundisha. Hili la mwisho sijui kama lilikuwa kitabuni au Kulwa alilitunga. Nimejiuliza miaka mingi. Yeye mwenyewe anasema hakumbuki, na mimi namwamini.

Kwetu Tangini, pale pale Kibaha, hakuna aliyejali. Majirani walikuwa wafanyakazi, asubuhi wamekwenda Dar, jioni wamechoka. Mimi mwalimu wa wizi niliyemtaja alikuwa paka wa nyumba ya pili, na hakuna aliyekuja kulalamika.

Likizo zikifika tulipelekwa Msimbu, huko Kisarawe, kwa Baba Mdogo aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kwetu kanda ya ziwa. Bibi mzaa baba aliishi naye. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni na maziwa mgando namwona yeye, mfupi, macho mekundu kwa sababu ya jiko, anatukatia ugali kwa uzi kwa sababu kisu hakukipenda. Alikuwa na jambo moja nisilolielewa. Jirani akiuguliwa, hakwenda kumpa pole. Alitutuma sisi na kibuyu cha maziwa, tena anasema, "Kiacheni mlangoni, msiingie." Nilidhani ni kiburi. Nilikuwa mtoto.

Basi mchana mmoja tumetandika mkeka kando ya ua wa miiba, karibu na njia ya kisimani. Kulwa amefika darasa la tatu. Akasimama, akavua sufuria aliyoivaa kichwani kama kofia ya chuma, akapaza sauti:

"Mimi Kulwa, askari wa darasa la tatu, kuanzia leo ni mchawi pia! Na aliyenifundisha ni Bibi!"

Simlaumu. Bibi alikuwa amemfundisha kukamua wiki ile, na Kulwa alikuwa anajivunia kama amepewa cheo. Angemtaja nani mwingine?

Njiani alisimama Mama Shani, jirani yetu, na ndoo kichwani. Mtoto wake, Shani, alikuwa na homa siku kadhaa, hali, hanyonyi. Akatuangalia sisi, akaangalia jikoni kwa Bibi. Akashusha ndoo, akamwaga maji yote, akarudi kwao. Yale maji yalitufikia mpaka mkekani.

Kulwa akamkimbilia Baba Mdogo, akamweleza. Hakutupiga. Afadhali angetupiga.

"Nani kasikia?"

"Mama Shani."

Akakaa chini, hivyo hivyo mavumbini. "Mnajua kwa nini bibi yenu yuko huku, hana hata mtu mmoja wa rika lake wa kusengenya naye?" Akatuambia. Kule kwetu mtoto wa jirani alifariki, watu wakaanza kutazama macho ya wazee, kwamba mekundu ni ya mchawi. Shoga yake Bibi, aliyelima naye tangu usichana, alikatwa mapanga mlangoni kwake. Bibi ndiye aliyekuwa anafuata kutajwa, akaondoka na kanga alizovaa. "Huku walikuwa hawajui," alisema Baba Mdogo. "Hata macho yake walikuwa hawajayatazama vizuri."

Niseme haki: kwetu si watu wabaya. Na Wazaramo wa Msimbu walitupokea kama ndugu. Lakini mtu mwenye mtoto mgonjwa anatafuta sababu, na sisi tulikuwa tumempa sababu kwa sauti ya juu kabisa.

Tulipoingia ndani Bibi alikuwa ameshafunga kifurushi chake: kanga mbili na kikombe cha bati. Amevaa kandambili, amekaa kwenye kigoda akitazama mlango. Kelele zetu alikuwa amezisikia kutoka jikoni. Kulwa akaanza kulia. Bibi akasema tu, "Nyamaza, wasije wakasikia kilio wakadhani kuna kitu."

Mama Shani akaja jioni hiyo na mumewe. Baba Shani alikuwa na panga. Nakumbuka panga kuliko uso wake, na ni lazima niseme kwamba panga lile alikuwa nalo kila siku, ametoka shamba kama watu wote. Lakini mimi nilijikojolea, na sioni aibu kuliandika.

"Hodi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Wanasema huko njiani unafundisha watoto kazi za usiku," akasema Baba Shani.

Baba Mdogo akataka kujibu, Kulwa akamtangulia. Akaleta kiboksi, akamwaga dadu zote miguuni pa Baba Shani. "Ni mchezo, baba. Ni huu hapa. Kila mtu anakuwa mtu mwingine, ni uongo wote."

Baba Shani akachuchumaa. Akaokota ile iliyofanana na gololi, akaigeuza. "Hiki kinasimamaje?" Akairusha. Ikabingirika mpaka kwenye kigoda cha Bibi. "Na mimi mngeniweka nani?"

"Mwindaji," Kulwa akasema.

"Mwindaji! Huyu?" Mama Shani akasema. "Panya tu wa ghalani wamemshinda." Mumewe akacheka kidogo. Mama Shani hakucheka. "Na bibi yenu, yeye mmemweka nani?"

Kulwa alinitazama mimi, na mimi nilitazama chini. Bibi akainama, akaokota dadu ile, akampa Kulwa mkononi.

"Niandike mkulima," alisema. "Mkulima tu. Usinichanganye na kitu."

Mama Shani akamtazama muda mrefu, na safari hii alimtazama machoni. "Haya," akasema. "Kesho tunampeleka mtoto hospitali, Kisarawe." Wakaaga.

Mnadhani iliishia hapo? Bibi hakufungua kifurushi chake. Alipika na kandambili miguuni, akala nazo, sijui kama alilala nazo. Sisi tulikaa kama waliofiwa, masikio yote kwa jirani. Maisha ya bibi yangu yalikuwa yanategemea homa ya mtoto wa mtu mwingine, nami nilikuwa naelewa hilo kwa umri ule. Sijawahi kumwombea mtu kama nilivyomwombea Shani, na sijui hata kama nilikuwa namwombea yeye.

Wakarudi kutoka hospitali. Asubuhi moja tukasikia kule kwao mtoto analia uji, kile kilio cha deko na hasira. Bibi akasimama kusikiliza. Kisha akavua kandambili, akafungua kifurushi, akarudisha kikombe cha bati kwenye ndoana yake. Alikuja kufariki kwa uzee, kitandani kwake, na nashukuru kwa hilo kuliko mnavyoweza kudhani.

Tuliendelea kucheza, lakini Kulwa alibaki askari mpaka tulipokua tukaacha. Hakuna aliyemkataza.

Sasa mimi ni fundi pikipiki, bado niko Tangini. Mwanangu Masanja yuko kidato cha pili, na wenzake wanacheza mchezo wa namna ile ile barazani kwangu. Kamusi hawana haja nayo. Dadu ziko ndani ya simu, hata kurusha hawarushi, wanagusa kioo kwa kidole kama wanajikuna upele. Kazi tatu kwa mpigo Masanja anachukua, mtoto ambaye sahani moja kuosha ni vita. Na kelele! Sisi tulijifunza kunong'ona mapema. Wao hawajui, na namshukuru Mungu hawajui, ila nikiwasikia moyo unaruka.

Juzi Masanja kapiga kelele, "Askari na mchawi!" Nikajikuta nimeshafunga dirisha.

"Baba, joto lote hili?"

Akaja mlangoni na simu yake. "Yule bibi yako wa Msimbu nimemwingiza kwenye mchezo. Tumpe kazi zipi? Mganga na mchawi, au mchawi na askari? Akiwa na mbili anakuwa mkali."

"Mkulima," nikamwambia.

"Na nini?"

"Mkulima tu. Usimchanganye na kitu."

"Aa, baba. Huyo atakufa mapema."

"Hakufa mapema," nikasema, na dirisha nikaliacha limefungwa.